Kabla Uende Nanyuki Kula Spageti

Kuna swali huwa naulizwa karibu kila wiki na watu wa Nairobi wakishajua natoka Leparua. "Sasa huko nyinyi mnaendaga wapi branchi?" Halafu wanaweka vile vikatuni vya kucheka. Swali si baya. Ni ule mcheko ndio unaniudhi, kwa sababu jibu tayari wanalo: ati hatuendi mahali, kwetu ni mbuzi, vumbi na ndovu, basi.

Jibu langu ni hili. Tunaenda Isiolo mjini, tunakaa kwa hoteli ya mtaa, na tunakula chakula chenye asili ya Italia. Saa tano asubuhi hoteli imejaa, na jioni imejaa tena. Na hatujaanza jana. Isiolo kuna wazee walizoea spageti kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Wacha nieleze pole pole, maana najua kuna mtu ashaanza kuandika "lakini hiyo si Italiani ya ukweli."

Kwanza tukubaliane maana. Kenya ukisema "Italiani" watu wanaona mishumaa, divai, sahani kubwa yenye chakula kidogo katikati, na pizza ya elfu moja mia tano. Hiyo ipo, sikatai. Lakini huko Italia kwenyewe kuna aina ya mkahawa unaitwa trattoria. Ni mahali padogo, mara nyingi pa familia. Menyu ni fupi, bei ni ya watu wa mtaa, na wateja ni wale wale. Hakuna mtu anavaa suti kwenda huko. Unaenda kwa sababu una njaa, na kwa sababu mwenye hoteli asipokuona siku tatu ataulizia uko wapi.

Shika hiyo maana, sasa ukuje nayo Isiolo.

Hoteli ninazoongelea ziko kando ya barabara kuu, ile inayoenda hadi Moyale, na kwenye vichochoro vya nyuma yake. Meza ni za plastiki. Sinki ya kunawa iko mlangoni, na kipande cha sabuni. Menyu imechorwa ukutani lakini hakuna anayeisoma, unauliza tu "kuna nini?" na weita anakutajia vyote kwa pumzi moja. Kwa kaunta mara nyingi amekaa mama wa Kisomali ambaye anajua nani hulipa saa hii na nani hulipa mwisho wa mwezi. Ukiingia mara ya tatu, anajua chai yako ina sukari ngapi.

Saa nne kwenda saa tano ndiyo saa yenyewe. Watu wa soko la mifugo wameamka saa kumi usiku, wamekunywa chai ya haraka, wameuza au wamekosa kuuza, na sasa wana njaa ya ukweli. Madereva wa malori wamefika. Wanafunzi wa chuo wenye hawana darasa wamefika. Hapo ndipo anjera inatoka jikoni ikiwa moto. Ni unga uliochachushwa usiku kucha, unamiminwa kwenye kikaango kwa mzunguko, unapikwa upande mmoja tu, hadi juu panajaa vitundu vidogo. Unaweza kuila na chai, unainyunyizia mafuta ya simsim na sukari. Au unaagiza maini yaliyokaangwa na vitunguu na pilipili hoho. Ukipata chai ya maziwa ya ngamia, usiulize bei, kunywa. Isiolo ina kina mama, kama wale wa chama cha Anolei, wanaotuma maziwa ya ngamia hadi Eastleigh, kwa hivyo wewe unayeinywa hapa umeipata kabla ya safari.

Hiyo ni branchi. Na usiniambie neno ni letu au si letu. Mwingereza mmoja anaitwa Guy Beringer aliandika kulitetea mwaka wa 1895, akisema watu waliochelewa kulala Jumamosi wanastahili mlo mmoja Jumapili wa kuunganisha cha asubuhi na cha mchana. Mwaka huo huo wa 1895 ndio Uingereza ilitangaza kwamba nchi hii ni himaya yake. Wakati bwana huyo anatetea haki ya kuamka kuchelewa, kuna mtu huku alikuwa ashakama ng'ombe, ashatembea na kondoo, na sasa anakula mlo wake mkubwa jua likiwa juu. Kula saa tano si mtindo kwetu. Ndio wakati kazi ya asubuhi inaisha.

Twende jioni sasa, kwa sababu jioni ndiyo Italiani yenyewe.

Jioni ni basto. Wasomali wanaandika baasto, na neno hilo ni pasta. Mchuzi wake ni suugo, ambao kwa Kitaliano ni sugo, mchuzi. Vitunguu vinakaangwa, nyanya zinaingia hadi ziyeyuke, halafu nyama, ya kusaga au ya vipande vidogo, na mchanganyiko wa viungo ambao Wasomali huita xawaash: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, manjano. Hapo ndipo Mtaliano atashtuka kidogo. Halafu inaletwa na ndizi mbivu kando, na huyo Mtaliano sasa anazirai kabisa. Lakini wewe ukikata ndizi kipande, ukala na suugo na pilipili ya kijani na tone la ndimu, utaelewa mbona watu wanabishana kuhusu mambo mengine lakini hawabishani kuhusu ndizi.

Maneno hayajaishia hapo. Kwa Kisomali uma ni fargeeto, na Mtaliano anauita forchetta. Aiskrimu ni jalaato, kutoka gelato. Chekesho ni kwamba Wataliano waliacha jina la uma, lakini watu wengi wanaendelea kula basto kwa mkono, wakiizungusha kwa vidole na kuitia mdomoni bila kupoteza uzi hata mmoja. Mimi hiyo ujuzi bado naitafuta. Shati zangu zinajua.

Sasa, basto ilifikaje hapa? Hapa sitaki kupamba. Haikuja kwa mapenzi ya chakula. Italia ilianza kujitwalia pwani ya Somalia mwaka wa 1889, ikatawala kusini mwa nchi hiyo hadi Waingereza wakaiondoa mwaka wa 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Halafu ikarudishwa tena chini ya Umoja wa Mataifa, kutoka 1950 hadi uhuru wa 1960. Kando ya mito ya Shabelle na Juba walifungua mashamba makubwa, na Wasomali walilazimishwa kuyafanyia kazi. Ndizi za huko zilisafirishwa hadi Italia. Kwa hivyo ile ndizi kando ya sahani yako ina historia, na si yote tamu.

Na kuna kitu hawatufundishi vizuri shuleni. Hadi mwaka wa 1925, Kismayu ilikuwa chini ya utawala wa Kenya. Waingereza waliwapa Wataliano Jubaland kama malipo ya kupigana upande wao katika Vita vya Kwanza. Watu wawili walikaa mezani, wakasogeza mpaka, na jamaa za upande mmoja wakaanza kutawaliwa kwa Kitaliano huku wa upande huu wakitawaliwa kwa Kiingereza. Lakini watu hawakuacha kutembea. Ngamia hawajui mpaka. Biashara, ndoa, vita na ukame vilipeleka watu na kuwarudisha. Isiolo yenyewe ina Wasomali ambao wazee wao walikuwa askari wa Waingereza, wakapewa makazi hapa baada ya Vita vya Kwanza. Baadaye, serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, wengi zaidi walivuka kuja Kenya, na kila aliyevuka alikuja na sufuria yake. Leo basto haiulizi kabila. Anakula Mborana, Mmeru, Mturkana, Msamburu, anakula na yule askari wa trafiki.

Chakula kilichokuja na mtawala kikapikwa upya na mtawaliwa, kikawa chake. Ndio maana mtu akiniambia basto ya Isiolo "si Italiani ya ukweli," namuuliza: ukweli wa nani? Hata nyanya zenyewe hazikuwa za Italia. Zilitoka Amerika.

Sawa, na Nanyuki inaingiaje?

Inaingia kwa sababu kwa vijana wa huku, Nanyuki ndiko kwa kupiga picha. Iko karibu, ina baridi nzuri, ina mikahawa ya viti vya mbao na taa za kuning'inia. Ukitaka kuonekana umefika, unaenda Nanyuki kula pasta. Huwa nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba wakati wa Vita vya Pili, Wataliano wengi waliokuwa Nanyuki walikuwa mateka kambini. Watatu kati yao, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka mwaka wa 1943, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea na chakula walichokificha kidogo kidogo, halafu wakarudi kambini wenyewe. Mtaliano wa Nanyuki siku hizo alikuwa anahesabu mikate. Leo sisi ndio tunahesabu shilingi ili tukae mahali panapoitwa kwa jina lao.

Mwaka jana rafiki yangu alifikisha miaka 21, na alitaka kitu kimoja tu: mlo wa jioni kwenye mkahawa wa Kitaliano Nanyuki. Tulikuwa wanne, pamoja na kaka yangu. Kaka yangu ni moran. Alikuja amevaa shuka zake na shanga zake, kwa sababu hiyo ndiyo nguo yake nzuri. Ndivyo watu huvaa wakienda mahali pa maana. Jina la mkahawa nawaachia. Tukakaa. Kabla tuone menyu, weita akauliza kama tunajua bei zao. Tukamwambia tunajua. Baadaye mteja wa meza ya pili, mtu mzima, akamwita kaka yangu kwa kidole na kumuuliza ngoma itaanza saa ngapi.

Alifikiri kaka yangu ameletwa kuwachezea wageni.

Kaka yangu hakusema kitu. Alitabasamu ile tabasamu ya mtu anayejizuia, akarudi kwa kiti, akanywa maji. Hakula. Sisi watatu tulikula pasta ya uyoga ambayo, niseme ukweli, ilikuwa tamu. Bili ilikuja elfu sita na mia kadhaa. Kwa bei ya soko la wiki hiyo, hiyo ni mbuzi mmoja mzuri.

Na mbuzi kwetu si kipimo cha utani. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na kaskazini mwa Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Leparua kuna familia zilizoingia ule ukame na boma limejaa zikatoka na kamba mkononi. Kwa hivyo mtu wa huku akiweka mbuzi mezani kwa jina la pasta, angalau aheshimiwe akiwa ameketi.

Sisemi usiende Nanyuki. Pesa ni yako, siku ya kuzaliwa ni yako. Ninachosema ni kwamba mkahawa wa mtaa haujulikani kwa sahani. Unajulikana kwa vile unakupokea ukiingia ulivyo.

Wacha nikupe mfano mwingine, wa upande huu.

Kwetu ni wa Maa. Na kwa Maa kuna miiko ya kula ambayo watu wa nje hawaijui. Moran hali peke yake. Lazima awe na mtu wa rika lake. Na hali nyama ambayo imeonwa na wanawake walioolewa. Si chuki, ni heshima, na ndio inafanya vijana waende kula porini pamoja na wagawane. Lakini ina bei yake. Mama yangu, tangu kaka yangu atahiriwe, hajawahi kukaa naye meza moja akamwona anakula. Miaka sita sasa. Anampikia, anampelekea, anajua ameshiba kwa kuona chombo kimerudi tupu.

Mwezi wa nne mama alikuwa na kliniki Isiolo. Tulienda naye, mimi na kaka na mwenzake wa rika moja. Tulitoka hospitali saa nane, jua kali, mama amechoka na hajala tangu asubuhi. Tukaingia hoteli moja ya Kisomali. Kaka na mwenzake wakaanza kwenda meza ya nyuma kabisa, kama kawaida, wakae wageuke ukutani.

Weita, kijana mdogo tu, akawauliza mnakula nini. Kaka akasita. Nyama hapana, mama yuko hapa. Akauliza: kuna nini bila nyama? Weita akasema, "Kuna basto na suugo ya nyanya tupu, walalo. Naweza kuwaletea sinia moja."

Walitazamana, kaka na mwenzake. Halafu wakaongea kwa Maa, haraka haraka, karibu kama wazee wawili wanaamua kesi. Basto si nyama. Basto si maziwa. Wazee walipoweka miiko, basto haikuwepo. Na wao wako wawili, kwa hivyo hakuna anayekula peke yake. Kaka akarudi, akavuta kiti, akakaa mbele ya mama.

Mama hakusema neno. Sinia ikaja, kubwa, mvuke unapanda, ndizi nne pembeni. Mimi na mama tukapewa sahani yetu na uma. Kaka na mwenzake walikula kwa mkono kutoka sinia moja, kama wanavyokula siku zote. Mama alichukua ndizi yake akaivunja nusu, akaweka nusu upande wa kaka. Baadaye tukiwa njiani ndio akaniambia, akiangalia dirishani: "Bado anakula haraka vile alikuwa anakula akiwa mdogo."

Bili ilikuwa chini ya shilingi elfu moja, sisi wote wanne, pamoja na chai.

Najua kuna wazee watasema kaka alipindisha mambo. Inawezekana. Kuna moran wengine hawali kitu chochote mbele ya mama, hata mkate, na nawaheshimu. Sijaandika hii kusema miiko ife. Naandika kwa sababu chakula ambacho hakikuwa cha mtu yeyote hapa, kilichopita Roma na Mogadishu na jikoni za wakimbizi, kilipata nafasi ambayo ugali wa nyumbani haujawahi kupata. Na kilipata hiyo nafasi kwa meza ya plastiki, kwa sababu weita alisikia swali, akalijibu, na hakuuliza kama tunajua bei.

Sasa, nisiwapambie Isiolo. Mtu anayesifu kwao bila kusema kasoro anauza kitu, na mimi leo sina la kuuza.

Kasoro ya kwanza ni wasichana. Hoteli nyingi za mtaa zina ule upande wa pazia, wa kina mama na familia. Nikiwa na mama napenda lile pazia. Tunakaa, tunavua viatu, tunaongea. Nikiwa peke yangu na laptopu yangu, nikitaka tu kunywa chai na kuhariri vidio, kukaa upande wa mbele ni kujiuza kwa macho. Hakuna mtu atakufukuza. Watakuangalia tu mpaka ujifukuze. Wavulana wa umri wangu wanakaa kwa chai moja masaa matatu wakitazama mpira, na hakuna anayewauliza wametoka wapi. Wenye hoteli, tafadhalini: mko na nguvu ya kubadilisha hii kesho asubuhi. Mtu mmoja kwa kaunta akisema "muacheni dada akae," imeisha.

Kasoro ya pili ni jioni yenyewe. Nimewaambia basto ni ya jioni, lakini mtu wa Leparua haioni jioni. Gari za kurudi huku zinaisha mapema, na boda usiku kwenye barabara ya vumbi ni mambo mawili: bei mara mbili, na ndovu. Halafu kuna usalama. Kila mtu huku ana hadithi ya usiku ambayo hataki kuirudia. Kwa hivyo mlo wa jioni mjini maana yake una jamaa wa kulala kwake. Ukiona picha ya mtu wa Leparua anakula basto saa mbili usiku, jua pia kuna shangazi mahali amempatia godoro.

Ndio maana ndoto yangu si mkahawa wa taa za kuning'inia. Ni hoteli ndogo hapa Leparua, karibu na maduka, ya mtu wa hapa. Mahesabu yake si magumu. Spageti haiozi, inakaa kwa rafu miezi. Nyanya na vitunguu vinakuja na gari la asubuhi. Mbuzi tunao, waliobaki. Maji ndiyo mtihani, na kuni zisitoke kwa miti tunayojaribu kulinda, kwa hivyo gesi. Ningeweka meza mbili tu: ya kwanza ya yeyote, na ya pili pia ya yeyote.

Kuna watu wataniambia Italiani ya Kenya iko Malindi, na wana haki kwa njia yao. Malindi Wataliano wamekaa tangu enzi za kurusha setilaiti pale San Marco, mwaka wa 1967, na vijana wa pwani wanaongea Kitaliano kuliko mimi ninavyoongea Kisomali. Nendeni, pizza huko ni nzuri. Lakini Malindi Mtaliano yupo mwenyewe, anaonekana, ana nyumba. Isiolo hayupo. Alibaki tu kwa jina la mchuzi, na mwenye mchuzi sasa ni mama wa kaunta. Mimi napenda hiyo zaidi.

Kwa hivyo ukija huku, fanya hivi. Usikimbilie Nanyuki moja kwa moja. Shuka Isiolo kabla saa tano. Uliza hoteli yenye anjera ya moto, mtu yeyote wa bajaji anajua. Nawa mikono, salimia aliye kwa kaunta kabla uulize Wi-Fi, maana hakuna. Agiza maini. Kama una mahali pa kulala, rudi jioni uombe basto na usikatae ndizi. Ukiona kijana wa shuka na shanga amekaa na rika lake, usimwulize ngoma inaanza saa ngapi. Amekuja kula.

Na wewe wa mtaa mwingine, nijibu: kwenu hoteli ya mtaa ni gani, na ni nani bado hawezi kukaa hapo kwa amani? Nataka kusoma hiyo sehemu ya pili zaidi.